Kutoka Kitambaa cha Mama hadi Kava ya Zambarau: Jinsi Laptopu Zilivyoanza Kuvishwa Nguo

Najua nimekuwa kimya kwa muda. Kazi zilinizidi, na kila nikiahidi kwamba wikendi hii nitaandika, wikendi inapita hivi hivi. Leo sina kisingizio, kwa sababu jambo lenyewe lipo hapa mezani kwangu tangu Jumamosi na linanitazama.

Jambo hilo ni laptopu ya dadangu mdogo. Anasomea uuguzi, yuko mwaka wa mwisho, na mashine hii aliinunua kwa mkopo wa chama chao ambao bado ana miezi mitano ya kuulipa. Kwa hiyo aliitunza kama yai. Nje aliivisha kava ngumu ya plastiki ya rangi ya zambarau. Juu ya kibodi akaweka ngozi ya silikoni. Juu ya skrini akabandika utando. Halafu yote hayo yakaingia ndani ya kifuko laini, kifuko kikaingia ndani ya begi. Siku aliponiletea, kifuniko kilikuwa kimeachana na mwili upande wa kushoto; bawaba ilikuwa imeng'oka na kuchomoka na kipande cha plastiki.

"Kaka, sijawahi kuiangusha hata siku moja," aliniambia, machozi yakimlengalenga. Nilimwamini. Ukimjua utamwamini.

Nilipoivua ile kava ngumu ndipo nikashangaa zaidi. Mgongo wa mashine, ambao ulipaswa kuwa msafi kabisa, ulikuwa na alama za kusagika kila pembe, kana kwamba mtu alipitisha msasa. Vumbi la barabara ya kwao lilikuwa limepenya katikati ya kava na mwili, likakaa humo, na kila alipotembea likawa linasaga polepole. Yaani kava iliyonunuliwa ili kuzuia mikwaruzo ndiyo iliyoikwaruza.

Basi nikaanza kujiuliza. Watu walianza lini kuzivisha tarakilishi nguo, na walikuwa wanaogopa nini hasa? Nimekaa jioni kadhaa nikifuatilia, na niliyoyapata ndiyo haya.

Lakini kabla hatujaenda Marekani, acha nianze nyumbani. Wengi wenu mliokua miaka ya themanini na tisini mnakijua kitambaa. Kile cha uzi mweupe kilichofumwa kwa mkono, kinawekwa juu ya redio, juu ya televisheni ya Great Wall, juu ya meza na migongo ya viti. Kwetu hata rimoti ilikaa ndani ya karatasi ya nailoni hadi namba zikawa hazisomeki. Mwaka 2003 nilipoleta nyumbani tarakilishi yangu ya kwanza, ile ya mezani yenye kioo kizito cha mgongo mrefu, Mama alifurahi sana na ndani ya wiki mbili alikuwa ameifumia kitambaa chake. Kizuri, chenye maua pembezoni. Tatizo ni kwamba vioo vile vilipumulia juu, na kitambaa kiliketi sawasawa juu ya matundu. Baada ya saa moja chumba kizima kilinuka plastiki ya moto. Ilinibidi nimweleze Mama kwa upole kwamba hii si redio. Alinielewa, lakini akanitaka angalau niifunike ikiwa imezimwa. Na kwa kweli alikuwa na haki, maana vumbi la kwetu si la mchezo.

Sasa twende kwenye historia yenyewe.

Tarakilishi ya kwanza ya kubebeka iliyouzwa kwa wingi haikuhitaji kava kwa sababu yenyewe ilikuwa sanduku. Ilikuwa ni Osborne 1, iliyoonyeshwa San Francisco Aprili 1981. Mwenyewe aliitwa Adam Osborne, mzaliwa wa Bangkok aliyekuwa akiandika na kuchapisha vitabu vya tarakilishi, na aliyeisanifu ni mhandisi Lee Felsenstein. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 11 na bei ya dola 1,795. Skrini yake ilikuwa ya inchi 5 tu. Ukimaliza kazi, kibodi yenyewe iligeuka kuwa kifuniko, ikafunika skrini na diski, ukaibeba kwa mkono wake kama fundi cherehani abebavyo cherehani lake. Compaq Portable, iliyotangazwa mwishoni mwa 1982, ilifuata mtindo huo huo na ilikuwa nzito zaidi, karibu kilo 13. Mtu aliyebeba mzigo kama huo hakuhofia mkwaruzo. Alihofia mgongo wake.

Mwaka huo huo wa 1982 ilitoka mashine ambayo kwangu mimi ndiyo mzazi halisi wa laptopu zote tunazozitumia: GRiD Compass. Ilisanifiwa na Mwingereza Bill Moggridge kwa kampuni ya John Ellenby. Moggridge alifanya jambo ambalo leo tunaliona la kawaida hadi hatulioni: aliilaza skrini juu ya kibodi kwa bawaba, kama chaza anavyofunga maganda yake. Ukiifunga, sehemu mbili dhaifu kuliko zote, kioo na vibonye, zinatazamana ndani na kulindana. Nje inabaki ganda tupu. Ganda lenyewe lilikuwa la aloi ya magnesiamu, metali nyepesi kuliko alumini kwa takriban theluthi moja.

Bei? Dola 8,150. Usitoe macho, hizo ni dola za 1982. Ndiyo maana wanunuzi wake wakubwa walikuwa watu kama jeshi la Marekani na shirika la anga la NASA, ambalo lilianza kuirusha angani ndani ya vyombo vyake mwaka 1983. Lakini wazo la kufunga kama chaza lilibaki, na kila laptopu uliyowahi kuigusa inalo. Kumbuka pia kwamba kuanzia siku hiyo uhai wa mashine uliwekwa juu ya bawaba mbili ndogo. Nitalirudia hilo.

Magnesiamu ina kasoro yake. Ikiachwa uchi hupata kutu kwa urahisi, kwa hiyo lazima ipakwe rangi, na rangi ndiyo hukwaruzika. Kwa upande mwingine plastiki ni rahisi na haipati kutu, lakini ni laini. Tangu hapo historia yote ya maganda ya laptopu imekuwa ni mvutano huo: kipi kigumu ndani, kipi kizuri nje, na kipi mtu anaweza kumudu.

IBM walikuja na jibu lao Oktoba 1992. ThinkPad 700C, nyeusi tii, yenye kidude chekundu katikati ya kibodi. Msanifu alikuwa Mjerumani Richard Sapper, na alisema alichukua wazo kutoka kwa kisanduku cha chakula cha Kijapani kiitwacho bento: nje ni kisanduku cheusi kisicho na majivuno, ukikifungua ndipo unakuta mambo. ThinkPad nyingi zilizofuata zilipakwa juu yake tabaka laini kama mpira. Tabaka hilo lilishikika vizuri mkononi na lilificha mikwaruzo midogo, kwa sababu rangi nyeusi isiyong'aa hairudishi mwanga kama kioo.

Mapako hayo laini yalienea kwenye mashine za kampuni nyingi, na hapa wasomaji wa Pwani watanielewa. Mengi yalitengenezwa kwa poliyurethani, na poliyurethani ya aina hiyo huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa. Taratibu, baada ya miaka, inarudi kuwa kitu kama ulimbo. Niliwahi kununua mashine ya mtumba kutoka Ulaya, kampuni siitaji, nikaishi nayo Mombasa mwaka mmoja na nusu. Mwishowe ukiishika inakushika. Karatasi zilinata, sufi za sweta zilinata, hata kunguni mmoja nilimkuta amenata (ndiyo, chumba kile kilikuwa na kunguni, tuyaache hayo). Niliisugua kwa spiriti na kitambaa cha pamba jioni nzima hadi tabaka lote likatoka, ikabaki plastiki ya kijivu ambayo hata leo iko sawa. Kinga ilikufa, kilicholindwa kikaendelea kuishi.

Panasonic nao walianza kuuza Toughbook mwaka 1996, kwa polisi, mafundi wa simu, wanajeshi na watu wa migodini. Hao hawakuficha kitu: ganda la magnesiamu, mkono wa kubebea, vifuniko vya mpira kwenye matundu, na diski iliyolazwa kwenye kitu laini ili isipate mshtuko. Ndipo tukaanza kusikia sana kuhusu kipimo cha kijeshi, MIL-STD-810. Kipimo hicho ni cha zamani, kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1962, na kinaeleza namna ya kujaribu vifaa kwa joto, mtetemo, vumbi, unyevu na kuangushwa. Ukienda dukani leo utaambiwa laptopu hii ya kawaida imepita kipimo cha kijeshi. Muulize muuzaji: imepita kipi? Maana kipimo chenyewe kina majaribio mengi, na mtengenezaji huruhusiwa kuchagua yanayomfaa. Hakuna jeshi linalompa cheti. Wako wanaofanya kwa uaminifu na wako wanaochagua matatu mepesi halafu wanabandika stika.

Hapa nisimamishe historia kidogo nieleze mkwaruzo ni nini, kwa sababu bila hili dadangu hawezi kuelewa kilichompata.

Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu, kutoka 1 hadi 10, kwa kanuni moja rahisi: kilicho kigumu zaidi humkwaruza aliye laini. Ukucha wako ni kama 2.5. Alumini tupu haifiki 3. Kioo cha dirisha ni karibu 5.5. Kwatsi, yale madini yanayong'aa kwenye mchanga, ni 7. Na vumbi la barabara zetu limejaa chembe za kwatsi. Kwa hiyo funguo zako mfukoni si adui mkubwa kama unavyodhani. Adui ni vumbi, na anapata nguvu unapompa kitu cha kumkandamiza. Ukichukua kitambaa kikavu ukafuta laptopu iliyojaa vumbi, umeipiga msasa kwa mkono wako mwenyewe. Puliza kwanza au tumia brashi laini, halafu ndipo upitishe kitambaa chenye unyevu kidogo. Na ukiweka kava ngumu juu ya vumbi, umetengeneza kinu.

Tuendelee. Januari 2001 Apple walitoa PowerBook G4 ya titani. Unene wa inchi moja, na jina la metali inayotumika kwenye ndege. Watu waliitamani, mimi nikiwemo, niliikata picha yake kwenye gazeti. Kumbe titani ile ilikuwa imepakwa rangi, na rangi ikaanza kubanduka hasa pale viganja vinapolala na kwenye kingo. Bawaba zake nazo zilijulikana kwa kuvunjika. Miezi minne baadaye, Mei 2001, wakatoa iBook nyeupe kwa ajili ya wanafunzi, na hapo walitumia ujanja ninaoupenda: plastiki ya polikaboneti isiyo na rangi, inayopitisha mwanga, na weupe ukapakwa upande wa ndani. Ganda la nje likikwaruzika, rangi haitoki, kwa sababu rangi haiko hapo. Mikwaruzo iliendelea kuwepo na ilionekana, lakini mashine haikuonekana kama mgonjwa wa ngozi.

Mwaka 2003 wakahamia alumini, na ndiyo tunayoiona mpaka leo kwenye laptopu za bei kubwa za kampuni nyingi. Nimesema alumini ni laini, sivyo? Siri iko kwenye ngozi yake. Wanaizamisha katika asidi na kupitisha umeme, na uso wake unageuka kuwa oksidi ya alumini, ambayo ni jamaa wa yakuti na ni ngumu sana. Ila ngozi hiyo ni nyembamba mno, mikroni chache tu. Inazuia mikwaruzo ya kila siku vizuri sana, lakini ukiigonga kwenye pembe ya meza chini yake mna metali laini, nayo inabonyea. Na inapotoboka, jasho la kiganja huanza kula shimo dogo dogo. Watu wenye jasho kali wanalijua hili.

Sasa nifike mahali pangu pa uchungu.

Mwaka 2007 nilikuwa na laptopu ya mtumba na begi jipya la mgongoni lenye sponji nene, nililolinunua kwa shilingi 3,500, pesa nyingi kwangu wakati huo. Nilijivunia kwamba mashine yangu haina mkwaruzo hata mmoja. Nilikuwa namwandikia mteja programu ya hesabu, kazi ya wiki tatu usiku na mchana. Siku hiyo nilikuwa nakwenda kumwonyesha, na kwa kuwa kuiwasha upya kulichukua dakika saba, nikaifunga kifuniko bila kuizima nikaitumbukiza kwenye begi ikiwa inaendelea kukoroga. Matatu ikaruka tuta. Si ajali, tuta tu la kawaida, hata makanga hakugutuka.

Nilipoifungua ofisini kwa mteja ikaanza kulia tik, tik, tik. Waliokuwapo enzi hizo wanaijua sauti hiyo.

Diski ngumu za wakati ule zilikuwa sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu, pembamba kuliko chembe ya moshi. Kichwa kikigusa sahani kinachimba, na kinachochimbwa ni kazi yako. Sponji ya begi langu ililinda ngozi. Haikuweza kulinda kitu kinachozunguka ndani. Nakala ya akiba niliyokuwa nayo ilikuwa kwenye flashi ya megabaiti 256 na ilikuwa ya wiki ya kwanza. Mteja alinipa siku kumi, sikuweza, nikarudisha pesa ya awali ambayo nusu yake nilikuwa nimeshalipa kodi ya nyumba. Laptopu yenyewe ilibaki haina mkwaruzo. Niliichukia kwa hilo.

Kilichoniuma zaidi ni kujua baadaye kwamba dawa ilikuwapo tayari. IBM mwaka 2003 walianza kuweka ndani ya ThinkPad kifaa kidogo cha kuhisi mwendo, wazo lililotoka kwenye mifuko ya hewa ya magari. Mashine ikihisi inaanguka au inatikisika vibaya, inaondoa kichwa juu ya sahani kwa sehemu ya sekunde kabla haijafika chini. Apple waliweka chao mwaka 2005. Kufikia 2006 ThinkPad za T60 zilikuwa pia na fremu ya magnesiamu ndani kama mifupa, ili ganda la plastiki likipinda bodi isipinde nalo. Kwa maneno mengine, kuna wahandisi waliokuwa wamekwisha kuelewa kwamba uharibifu hauji kutoka nje kila mara, wakati sisi wengine tukinunua sponji. Miaka hiyo hiyo hifadhi zisizo na sahani zikaanza kuingia, Asus Eee PC mwaka 2007 na MacBook Air mwaka 2008 kwa waliokuwa na pesa ya ziada, na leo laptopu nyingi mpya hazina kitu kinachozunguka isipokuwa feni. Vijana wengi hawajawahi kusikia ile tik tik. Wana bahati.

Kuhusu vifuko nitapita haraka. Ile mpira laini inayotumika kutengenezea vifuko vya laptopu, neoprini, ilizaliwa katika maabara ya DuPont mwaka 1930, na kabla ya kufika kwetu ilikuwa nguo ya wapiga mbizi. Inafyonza kugongana kudogo ndani ya begi na ni nzuri kwa hilo. Utando unaobandikwa nao una babu wa ajabu: unatokana na plastiki ya poliyurethani iliyotumika kulinda mapanga ya helikopta za Marekani dhidi ya mchanga katika vita vya Vietnam, ikahamia kwenye magari, na katikati ya miaka ya 2000 ikafika kwenye simu na vifaa vingine. Kati ya kinga zote za ngozi mimi huona utando ndio bora, kwa sababu unagandamana na uso na hauachi nafasi ya vumbi kuingia. Ukiubandika vibaya utajilaumu mwenyewe.

Mradi ulionifundisha zaidi haukuwa wa matajiri. Novemba 2005, mjini Tunis, Nicholas Negroponte alionyesha laptopu ya bei nafuu kwa ajili ya watoto wa nchi kama zetu, yenye mkono wa kuzungusha ili kuzalisha umeme. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akaushika mkono huo mbele ya waandishi wa habari, ukachomoka. Nawahurumia wale wahandisi mpaka leo. Lakini mashine iliyotoka mwaka 2007, XO, haikuwa na mkono huo, na ilikuwa imefikiriwa kweli kweli. Kuta za plastiki zenye milimita 2, nene kuliko laptopu ya kawaida. Kibodi ya mpira mmoja usio na mwanya, maji na vumbi visiingie. Hakuna diski inayozunguka. Zile antena mbili kama masikio ya sungura, ukizikunja zinafunika matundu ya pembeni. Majirani zetu Rwanda walizichukua kwa wingi, zaidi ya laki mbili. (Sisi Kenya tuliahidiwa laptopu za darasa la kwanza mwaka 2013, zikaja kuwa tableti mwaka 2016. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.)

Na bado ziliharibika. Mtafiti Morgan Ames alizifuatilia nchini Paraguay na kuandika jinsi kuvunjika kulivyokuwa tatizo kubwa shuleni, huku vipuri na matengenezo vikiwa nje ya uwezo wa familia nyingi. Hata kuta za milimita 2 hazikumsaidia mtoto ambaye kibodi yake imechanika na hakuna pa kununua nyingine. Hapa nadhani Wakenya tuna utajiri ambao hatuuthamini: ukienda mjini Nairobi na bawaba iliyovunjika, hutakosa mtu wa kukuambia ngoja kidogo bosi.

Halafu mambo yakageuka. Kadiri laptopu zilivyokonda, ndivyo zile kinga za kuongeza zilivyoanza kuwa hatari. Mwaka 2015 Apple walitoa MacBook yenye kibodi ya aina mpya, nyembamba kupita kiasi, ambayo chembe moja ya vumbi ingeweza kukwamisha kibonye. Malalamiko yalikuwa mengi hadi Juni 2018 wakafungua mpango wa kuzitengeneza bure, wakaiacha kuanzia Novemba 2019, na mwaka 2022 wakakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi. Mwaka huo huo wa 2015 wateja wengine walilalamika kwamba tabaka la kuzuia mng'ao kwenye skrini linachubuka, mara nyingi pale skrini inapogusana na kibodi. Mnaona? Chaza wa Moggridge, ambaye skrini na kibodi zililindana, sasa maganda yamekaribiana mno hadi vilivyo ndani vinasuguana. Na Julai 2020 Apple waliwaonya wateja wasifunge kifuniko huku wamebandika kizibo cha kamera, kwa sababu nafasi iliyobaki ni ndogo mno na kioo kinaweza kupasuka. Kizibo chenye unene wa kadi!

Sasa turudi kwa dadangu. Nilimpelekea fundi mmoja mwenye kibanda cha upana wa meza mbili karibu na River Road. Aliitazama kwa sekunde kumi.

"Ilikuwa na kava ngumu, bosi?"

"Ilikuwa nayo. Umejuaje?"

Akaniletea kopo lililojaa vipande vya plastiki vilivyong'oka, kila kimoja na nati ndogo ya shaba ndani yake. Akanieleza kwamba kwenye laptopu nyingi za bei ya kati bawaba hushikwa na skrubu zinazoingia kwenye nati hizo, na nati zimezamishwa tu kwenye plastiki. Bawaba ikiwa nzito, na kifuniko kikaongezewa uzito wa kava, kila ukifungua unaivuta ile nati kidogo. Mara elfu moja kidogo. Tena watu hufungua kwa kushika pembe moja badala ya katikati, na upande huo ndio hung'oka kwanza. Dadangu hushika pembe ya kushoto. Nimemwona kwa macho yangu. Na ile ngozi ya silikoni ilikuwa imeinua kifuniko milimita moja hivi, kwa hiyo kila alipokifunga alikuwa anakikandamiza.

Fundi alilegeza bawaba zote mbili kwa robo mzunguko, akatoboa plastiki, akapitisha skrubu ndogo hadi upande wa pili na kujaza kwa aralditi. Haipendezi sana. Chini ya mashine sasa kuna vichwa vinne vya skrubu vinavyoonekana, kama bandeji. Alinitoza shilingi 2,800 na akanikataza kuifungua kwa saa ishirini na nne. Wakati inakauka nilichomoa hifadhi yake nikanakili kila kitu: utafiti wake wa mwisho wa mwaka, picha za wodi, na folda moja iliyoandikwa USIFUNGUE, ambayo sikuifungua.

Jana nilimpigia simu kumwambia imepona. Nikamweleza habari ya vumbi, ya nati, ya kushika katikati, yote niliyowaandikia hapa kwa ufupi. Alinisikiliza vizuri, akashukuru, halafu akauliza kama kava yake ya zambarau iko salama, maana aliinunua shilingi 1,200 na hawezi kuitupa. Mama, ambaye alikuwa pembeni yake, nikamsikia akisema kwamba kama kaka yako hataki plastiki, yeye ana uzi umebaki na anaweza kufuma kitu.

Kava nimeiosha. Inakauka dirishani.